Naombeni ushauri: shughuli za watoto wa chekechea wa umri tofauti

Habari wadau, nafundisha chekechea, watoto wa miaka 3 mpaka 5 wako darasa moja na kupanga shughuli ndo kunanipa shida. Mfano kutenganisha vifuniko vya chupa kwa rangi (natumia vikubwa visivyomezeka), wale wa miaka 5 wanamaliza fasta wanaanza kuhesabu wenyewe, wadogo bado wanavigongagonga tu, na hao nao wanajifunza jamani, vidole vinapata nguvu ya kushika penseli baadae. Sitaki kuwakalisha wanakili a e i o u asubuhi nzima. Mnapangaje shughuli moja iwafae wote? Na mzazi anayetaka kuona daftari limejaa kila siku mnamueleweshaje?