Ripoti yangu ya tabianchi imewekwa chini ya projekta mbele ya wawekezaji. CHINI YA PROJEKTA!!

Wakuu nimetoka kikaoni sasa hivi mikono bado inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie. Yule mkubwa wa shirika la umeme, mnamjua, yule wa "mvua itanyesha tu", leo kanimaliza.

Kazi yangu ni kukaa katikati. Huku shirika, huku wenye hatifungani na watu wa mfuko wa pensheni, wanataka kujua bwawa likikauka mitambo itazungushwa na nini, mafuriko yakija kituo cha kupoozea umeme kitabaki pakavu au samaki watahamia humo, na ule mtambo wa makaa ya mawe wanaotaka kuukopea miaka 30 si utafungwa deni likiwa bado bichi? Yote nimeyaandika, ramani zimo, hesabu za joto likipanda nyuzi 1.5 na likipanda 3 zimo, mpaka laini zinavyolegea juani zikabeba umeme pungufu saa ile ile kila mtu kawasha kiyoyozi.

Basi projekta ikawa inapiga picha chini, nusu ukutani nusu mezani. Jamaa akaangaza macho, akaiona ripoti yangu, akaichukua, akaipima uzito mkononi (nikajua anaifungua, moyo ukafurahi), akaisokomeza chini ya projekta. Akasema "angalau imetusaidia kitu". Ukumbi wote kicheko. Mama wa pensheni, ambaye ndiye alikuwa anaisubiri hiyo nakala, akabaki anaichungulia imekaliwa na mashine.

Na slaidi ya muda huo unajua ilisemaje? "Tunajali Tabianchi", na picha ya jani la kijani. Jani likanyooka vizuri kabisa ukutani kwa nguvu ya kurasa zangu za ukame!!

Nikamkumbusha PG&E, kampuni ya umeme ya California, Novemba 2018 kulabu kuukuu ya karibu miaka 100 imekatika kwenye laini, moto umekula mji wa Paradise, watu 85 wamekufa, Januari 2019 kampuni iko mahakamani inaomba kinga ya kufilisika na madai ya moto yanatajwa dola bilioni 30. Akanijibu "sisi kulabu zetu nzima". Kiwiko kakiegemeza juu ya projekta. Projekta iko juu ya ripoti. Yaani hata kikao kilipoisha hakuna aliyeitoa.

Bwana Fyuzi: Bila picha hii ni chai. Leta picha ya ripoti ikiwa kazini.

Mita Inakimbia: Mleta uzi, ripoti ya kunyanyua projekta ni nene kama tofali, hapo nani kamkosea nani? Ungeandika kurasa 10 ungekuwa umelala saa hizi 😂

Mleta uzi: Mkuu, wawekezaji wenyewe ndio wameomba! Utawala, mkakati, usimamizi wa hatari, vipimo, mafungu manne ya TCFD (kile kikosi kazi cha kimataifa cha kuripoti hatari za tabianchi) tangu 2017, sikuyatunga mimi. CHINI YA PROJEKTA lakini.

Bi Dodoso: Hao wawekezaji unaowatetea ndio nawatafuta mimi. Niko upande wa shirika, kila mmoja analeta dodoso lake, swali lile lile, huyu anataka tani za kaboni tunazotoa, yule anataka tani kwa kila megawati-saa, mwingine anataka gesi ya SF6 ya kwenye brekha peke yake (sawa, inapasha joto zaidi ya mara 20,000 ya kaboni, ila si uulize kwa adabu?). Tumeizoea TCFD, 2023 ikavunjwa, hamieni IFRS S2, kanuni nyingine ya kuripoti mambo yale yale. Ukimaliza kujaza swali la kwanza: gawio liko wapi.

Pensheni Kwanza: Dada taratibu, hizo ni hela za wastaafu. Na sisi tumechoka. 2017 tulijikusanya Climate Action 100+ tuyabane makampuni kwa sauti moja, Februari 2024 vitengo vya uwekezaji vya JPMorgan na State Street vikachomoka. Sasa tumebaki sisi wadogo kubishana na mtu wa projekta.

Bi Dodoso: Gawio liko wapi ulilidai au hukulidai?

Pensheni Kwanza: Nililidai. Kwani wastaafu wanakula tani?

Panga Butu: Mnabishana tani huku mimi fundi wa laini bajeti ya kufyeka miti imekatwa, hela ya mabango ya kijani ipo. Tawi likigusa waya saa nane usiku na upepo, ni wewe mwenye dodoso utakayepanda? Nguzo yenyewe mchwa wameshaimaliza, ukiigonga inaitika.

Bwana Fyuzi: Bado mnatumia za mbao??

Zege Daima: Mbao kwenye maeneo ya moto ni kujitakia. Zege tu.

Panga Butu: Umewahi kupandisha nguzo ya zege mlimani wewe? Barabara hakuna, kreni hakuna, mvua imekata daraja.

Mleta uzi: Wakuu tunaomba turudi kwenye projekta.

Zege Daima: Subiri kwanza. Panga Butu, hiyo ya mbao ikiungua mlimani kreni mtaitoa wapi?

Panga Butu: Ya mbao tunaibeba mabegani, wewe lala.