Alberta 1921: Waliberali wana kura nyingi, wakulima wana serikali. Hesabu ikoje?

Mchambuzi_Kura

Habari wakuu. Natengeneza jedwali la uchaguzi wa mkoa wa Alberta, Kanada, uliofanyika tarehe 18 Julai 1921. Kila orodha ninayofungua inawapa Waliberali wa Charles Stewart, waziri mkuu wa mkoa wakati huo, karibu asilimia 34 ya kura, na Umoja wa Wakulima wa Alberta (UFA) karibu asilimia 29. Ukija kwenye viti, UFA 38 kati ya 61, Waliberali 15 tu. Nimeambiwa ni kawaida ya uchaguzi wa majimbo, kwamba chama kinaweza kurundika kura mahali pamoja kikakosa viti kwingine. Mimi naona pengo ni kubwa mno kwa maelezo hayo peke yake.

Je, ni halali kuweka asilimia hizo kwenye safu moja na kuzilinganisha na za 1917? Na jambo la pili: Herbert Greenfield ndiye aliyeunda serikali, ila simwoni popote kati ya washindi wa Julai.

Karani wa Jedwali

Mkuu, shaka yako ni ya haki. Asilimia zile zinahesabu alama za kura, hazihesabu watu. Mwaka 1921 mpiga kura wa Edmonton alikuwa na kura tano, wa Calgary tano, wa Medicine Hat mbili. Sehemu nyingine zote za mkoa zilikuwa majimbo ya kiti kimoja, mtu mmoja kura moja. Kwa hiyo watu 10,000 wa Edmonton waliotumia kura zao zote wanaingiza alama 50,000 kwenye jumla ya mkoa, na wakulima 10,000 wanaingiza 10,000. Waliberali walikuwa na nguvu Edmonton. UFA nguvu zake zilikuwa mashambani, na mijini haikujitanua. Ukijumlisha vyote kwenye kapu moja, kila mfuasi wa Waliberali wa mjini anaweza kuhesabiwa mara tano.

Fanya hivi. Kwanza tenga Edmonton, Calgary na Medicine Hat kwenye karatasi yao, usizichanganye na majimbo mengine 49. Kisha tafuta idadi ya karatasi halali za kura zilizopigwa katika kila mji, maana hiyo ndiyo idadi ya watu. Gawanya jumla ya alama kwa idadi ya karatasi upate wastani wa alama kwa kila karatasi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanagawanya kwa tano moja kwa moja. Mpiga kura hakulazimishwa kutumia zote tano. Wapo waliomtia alama mgombea wao mmoja wakaacha nafasi nne wazi, makusudi, ili wasimwongezee kura mpinzani wake. Ukigawanya kwa tano, watu wa namna hiyo wanageuka kuwa sehemu ya tano ya mtu.

Ukishapata wastani, gawanya alama za kila chama kwa wastani huo, ndipo ujumlishe na kura za mashambani.

Msomi wa Vyama

Naunga mkono, ila njia hiyo nayo ina kasoro yake. Chama kilichosimamisha wagombea wawili katika mji wa viti vitano hakiwezi kupata zaidi ya alama mbili kwa mfuasi mmoja, wakati chama chenye wagombea watano kinapata tano. Ukigawanya vyote kwa wastani uleule, chama kidogo kinaonekana kidogo kuliko kilivyokuwa. Kwa vyama vya namna hiyo mimi huchukua kura za mgombea wake aliyeongoza, nazifanya ndiyo makadirio ya wafuasi. Nayo si safi, kwa sababu mgombea maarufu huvuta watu wasio wa chama chake. Weka njia zote mbili kwenye safu mbili, umwonyeshe msomaji jibu liko kati ya wapi na wapi.

Usisahau Medicine Hat, watu huiruka kwa kuwa ni ndogo. Viti viwili, kura mbili kila mtu. Perren Baker wa UFA alichukua kimoja, William Johnston wa chama cha wafanyakazi kingine.

Na usije ukaandika kwamba kura za mafungu (utaratibu huo wa kumpa mtu kura nyingi sawa na idadi ya viti) ziliupa upande mmoja viti vyote kila mahali. Edmonton ndivyo ilivyokuwa: Waliberali walizoa vyote vitano, Nellie McClung akiwemo, bila kufikia nusu ya kura. Calgary watu walichanganya majina kwenye karatasi moja, wakatoka wawili wa chama cha wafanyakazi (Alex Ross na Fred White), wawili wa kujitegemea, na Mliberali mmoja. Sheria ni ileile, tabia ya wapiga kura ndiyo iliyokuwa tofauti.

Mwanahistoria wa Nyika

Kuhusu 1917, usilinganishe moja kwa moja. Kuna mitego mitatu.

Mwaka 1917 Edmonton na Calgary zilikuwa zimekatwa vipande vya kiti kimoja kimoja, kwa hiyo tatizo la kura tano halikuwepo. Kurudisha miji kwenye jimbo moja lenye viti vingi kulifanyika chini ya serikali ya Waliberali wenyewe, waliokuwa madarakani tangu mkoa ulipoundwa mwaka 1905. Pili, 1917 ilikuwa wakati wa vita, na wabunge waliokuwa jeshini walirudishwa bungeni kwa sheria maalumu bila kupigiwa kura. Viti hivyo vina mshindi lakini havina hata kura moja, na kwenye jedwali vitakupunguzia asilimia ya chama bila sababu. Tatu, askari na wauguzi waliokuwa ng'ambo walichagua wawakilishi wao wawili, Roberta MacAdams na Robert Pearson. Hao wape mstari wao peke yao.

Halafu UFA kama chama cha uchaguzi haikuwepo 1917. Ilianzishwa 1909 kama umoja wa wakulima, na kwa miaka kumi ilikuwa ikiishinikiza serikali kutoka nje. Mwaka 1917 ni Ligi ya Wasiofungamana na Vyama iliyoingiza watu wawili bungeni, Louise McKinney na James Weir, na hapo wanachama wengi wa UFA wakaanza kuuliza kwa nini wao wasisimame. Henry Wise Wood, rais wa UFA, hakutaka umoja uingie kwenye siasa za vyama. Wanachama walimshinda. Kwa hiyo 1919 wakaingia, wakachukua uchaguzi mdogo wa Cochrane. Mwaka uliofuata Bodi ya Ngano ya serikali kuu ikavunjwa, bei ya ngano ikaporomoka, na kusini mwa mkoa ukame ukawa umeshakausha mashamba. Pengo la viti 38 kwa 15 lina mizizi huko mashambani. Hata ukisahihisha hesabu ya miji, bado utabaki na watu waliokuwa wamechoka.

Karani wa Jedwali

Nyongeza kwa atakayeuliza kama kasoro ile ilirekebishwa. Ndiyo, mwaka 1924 serikali ya UFA ilibadilisha sheria: miji hiyo mitatu ikapewa kura moja inayohamishika, na majimbo ya kiti kimoja yakapewa kura ya kupanga wagombea kwa namba. Uchaguzi mkuu wa kwanza kuitumia ni wa 1926.

Mfano wa kubuni ili tofauti ionekane: viti vitano, wapiga kura 10,000. Chama A kina watu 4,000, B 3,500, C 2,500, na kila mtu anafuata chama chake. Kwa utaratibu wa 1921 wagombea watano wa A wanapata 4,000 kila mmoja na kuchukua vyote, huku watu 6,000 wakikosa mwakilishi. Kwa ule wa 1926 unagawanya 10,000 kwa sita (viti jumlisha moja), unaacha desimali, unaongeza moja: 1,667. A anajaza kiwango hicho mara mbili, B mara mbili, C mara moja. Matokeo ni 2, 2, 1. Ziada ya aliyevuka kiwango huhamia kwa chaguo linalofuata kwenye karatasi, na wa mwisho huondolewa, kura zake zikahamishwa vilevile.

Edmonton ileile iliyokuwa ya chama kimoja 1921, mwaka 1926 ilitoa wabunge wa vyama vinne. Kasoro iliyojitokeza ni karatasi kuharibika, kwa sababu watu waliozoea kutia alama ya X walitakiwa sasa kuandika namba. Ukifika 1926, hesabu chaguo la kwanza tu kama kura za chama. Ukijumlisha kura za duru zote utarudia kosa lilelile la kumhesabu mtu mara nyingi.

Msomi wa Vyama

Swali la Greenfield limesahaulika. Wood aliukataa uongozi wa serikali, na Greenfield, makamu wa rais wa UFA, akachaguliwa na wabunge wa umoja na kuapishwa tarehe 13 Agosti 1921. Julai hakugombea kabisa. Kiti alikipata Desemba katika uchaguzi mdogo wa Peace River, baada ya mbunge wake, Donald Kennedy, kujiuzulu.

Hali ni hiyohiyo kwa John Brownlee, mwanasheria mkuu, aliyepita bila kupingwa Ponoka mwezi uleule. Kiti hicho kilikuwa cha Percival Baker wa UFA, aliyefariki mara tu baada ya uchaguzi. Angalia usimchanganye na Perren Baker wa Medicine Hat, aliyekuwa waziri wa elimu. Wote wawili ni UFA, wote wawili mwaka huohuo, na ukipanga jedwali kwa jina la ukoo na herufi ya kwanza watakuwa "P. Baker" wawili. Andika jina kamili, na chaguzi ndogo za Desemba ziwe na karatasi yake, zisiguse jumla ya Julai.