Nimezunguka Uhindini yote, dali sijaiona. Wenyeji wa Mbeya, nielekezeni

Fundi Baridi wa Kibokoni

Wenyeji, hamjambo. Mimi ni mtu wa Mombasa, fundi wa mafriji na vyumba vya baridi. Kampuni imenileta Mbeya tangu mwezi wa tatu kwa mkataba wa miaka miwili, nimepanga mtaa wa Forest. Mji mzuri, watu wana adabu, maparachichi kama ya bure. Baridi nilionywa mapema, nikaja na sweta tatu. Chakula ndicho hakuna aliyenionya.

Nieleze kwanza ninachotafuta, maana nikisema "chakula cha Kihindi" watu wanadhani nataka ufahari. Kwetu, nyuma ya Langoni, si mbali na lile hekalu la Wajaini, kuna kimgahawa cha mzee mmoja wa Kigujarati. Huagizi kitu. Ukikaa tu linashuka sinia la chuma lenye vibakuli: dali (mchuzi mzito wa nafaka za jamii ya kunde), viazi vya mbegu za haradali, mtindi, achari ya embe, na chapati nyembamba hata gazeti unalisomea humo. Kijana anapita na ndoo ya dali, anakuongeza kabla hujamwomba. Wanaokula pale ni mafundi, makarani wa bandarini na wazee waliofiwa na wake zao. Unalipa, na chenji inakutosha kupanda matatu mpaka nyumbani.

Sasa nikasikia Mbeya kuna mtaa unaitwa Uhindini. Nikasema basi, nimefika. Jumamosi ya kwanza nikashuka huko na njaa yangu. Vifaa vya ujenzi nimeviona, spea za magari nimeziona, duka la dawa, benki. Nikamuuliza kijana wa bodaboda, "Wahindi wa hapa wanakula wapi?" Akanitazama. "Kwao."

Wiki iliyofuata mwenzangu kazini akanipeleka mahali, jina nalihifadhi, wenye menyu ndefu ya Kihindi yenye picha. Nikaagiza dali na naan, ule mkate bapa wa Kihindi. Ikaja bakuli ya maharage yenye rangi ya manjano, na chapati yetu ya kawaida imekatwa pembetatu. Shilingi 24,000. Maharage ya Mbeya ni matamu, sina ugomvi nayo, lakini maharage hayawi dali kwa kutiwa binzari ya pakiti.

Nikajaribu kupika mwenyewe. Sokomatola nikaulizia pojo, mama muuzaji akadhani namtania. Nikasema ndengu, akanipimia dengu, zile kubwa. Kumbe pojo zangu hapa ndizo choroko! Nikauliza dania, nikaonyeshwa kotimiri. Nimerudi shule ya vidudu na mvi zangu.

Kwa hiyo: pawe halali (kila kona nikinusa ni kitimoto, na mimi sili), sahani isizidi 10,000, niweze kwenda kila wiki bila kukopa. Biriani sitafuti, biriani naijua. Nataka dali, chapati, mboga. Dosa, ile chapati nyembamba ya mchele uliosagwa na kuumuliwa, ikipatikana, nitawaombea dua.

Mnyalukolo wa Mshindo

Pole sana kaka. Umepangiwa mji usio wenyewe. Ungeletwa Iringa ungenenepa. Sisi msikiti wa Ismailia upo katikati ya mji, na sambusa zinakaangwa na watu waliozikuta kwa bibi zao. Hasty Tasty Too pale barabara ya Uhuru wasafiri walikuwa wanaijua hata kabla hawajafika Iringa. Panda basi, ni zaidi ya kilomita 300 tu.

Tela Mbili

Mnyalukolo anamwambia mtu asafiri kilomita 300 kufuata sambusa. Basi mimi namwongezea: vuka Tunduma, nyoosha kama kilomita 1,000, ukifika Lusaka uliza Kamwala. Wahindi tele, na chapati utaikuta. Nakutania fundi. Mimi naishi barabarani, chakula changu ni ugali na samaki Makambako. Ila ukimpata mpishi, tuambie na sisi.

Mzee wa Sokomatola

Ugonile, mwanangu. Yule kijana wa bodaboda hakukukosea adabu, alikupa jibu sahihi kuliko alivyojua mwenyewe.

Mji huu uliota mwishoni mwa miaka ya 1920, ukachangamka miaka ya 1930 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Mchimbaji anataka koleo, blanketi, mafuta ya taa, unga. Wahindi wakaja kuuza. Lakini tazama walivyokuja: duka mbele, familia nyuma. Mimi nilifagia duka la namna hiyo nikiwa kijana. Saa nne pazia la nyuma linafunguliwa, mama mwenye nyumba anatoa chai ya maziwa na chapati mbili zenye achari, na sisi wafagiaji tunapata zetu. Mchana hivyohivyo. Harufu ya vitunguu vikiungwa ilikuwa inafika mpaka barabarani, lakini hapakuwa na meza wala bei. Nani angekwenda kununua dali wakati mkewe yuko nyuma ya pazia anaipika? Kwenu Mombasa kulikuwa na bandari na reli, wanaume walikuja peke yao, wakahitaji mtu wa kuwapikia. Mgahawa ni chakula cha makapera. Huo ndio mtazamo wangu, mwenye mwingine alete.

Kisha 1971 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi waliokuwa na nyumba mjini waliona hapa hapakaliki, wakafunga mizigo, wengine Uingereza, wengine Kanada. Jina la mtaa halikuwa na pasipoti, likabaki.

Sasa shida yako. Siku ya mshahara nenda Mbeya Hotel, ile iliyokuwa hoteli ya Reli zamani za mkoloni. Mimi vyakula vya Kihindi nimevikuta kwenye menyu yao, na wanangu wakija kutoka Dar ndiko nawapeleka. Hiyo ni ya siku ya mshahara, si ya kila wiki. Kwa kila wiki fanya kama tulivyokuwa tunafanya sisi: acha kutafuta kibao, tafuta pazia. Ingia duka la Mhindi, nunua hata msumari, salimia, rudi wiki ijayo ununue msumari mwingine. Siku ya tatu uliza kama kuna mama anayepika kwa oda. Ukiuliza siku ya kwanza utaambiwa hakuna.

Fundi Baridi wa Kibokoni

Ndaga, mzee wangu. Hiyo ya misumari nimeicheka peke yangu kazini. Nimeshanunua ya inchi mbili.

Binti wa Uyole

Kaka fundi, mimi nimesoma Pune miaka minne na najua njaa unayoisema, ila mimi nilikuwa nayo kinyume: huko niliota ndizi za Tukuyu. Hilo sinia lako kule linaitwa thali. Sisi wanafunzi tulikula mesi, unalipia mwezi mzima, unakula mchana na jioni, na Jumapili jioni wanafunga ili mpishi naye apumzike. Hapo ndipo niligundua kwamba chakula kile ni rahisi kwa sababu hakuna uchaguzi. Kimepikwa sufuria moja kubwa, kikiisha kimeisha. Menyu yenye vyakula sitini kwenye mji wenye wateja kumi maana yake vyote vinatoka kwenye mchuzi mmoja. Siku nyingine ukiona menyu ndefu hivyo, kunywa soda uondoke.

Mimi ningekushauri upike. Na hiyo dali unayoililia, ujue ni mbaazi. Zilezile mnazokula na mahamri asubuhi kwenu, ila zimekobolewa na kupasuliwa. Wahindi wanazinunua kwetu kwa meli. Mwaka 2017 walipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, wakulima wetu walilia kwa bei. Kwa hiyo usiitafute mbali.

Umesema ulijaribu. Bila shaka haikuiva, ikabaki na punje za mchanga ulimini? Si kosa lako. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kwenu. Yanaruka yanatoa povu, unadhani ni moto mkali, kumbe sivyo. Loweka usiku, tumia presha kuka, na nyanya au ukwaju usitie mpaka dali imevurugika, maana uchachu unaifanya ikaze. Chumvi na manjano zinatosha mwanzoni. Ukishaipua ndipo unaunga: samli ipate moto, mbegu za haradali zikianza kurukaruka tia binzari nyembamba (kwenu sijui mnaiitaje), kitunguu saumu, pilipili kavu, umwagie juu ya dali ikiwa inachemka na ufunike haraka. Ule mlio ndio nusu ya chakula.

Dosa ndiyo kazi. Mchele vikombe vitatu, uradi (choroko nyeusi za Kihindi) nyeupe iliyokobolewa kikombe kimoja, kijiko cha uwatu. Mchele wa Kyela usiuharibu humo, chukua wa bei ya chini, hata chenga. Uradi mimi naagiza Dar, inakuja kwa basi. Loweka, saga, acha uumuke. Pune ulikuwa unaumuka usiku mmoja mpaka unafurika. Hapa mwezi wa saba niliuacha siku mbili, ukabaki vilevile kama rangi ya ukuta. Nimeufunika blanketi, nimeuweka karibu na jiko la mkaa, upande mmoja ukaiva upande mwingine ukalala. Wewe ni fundi wa baridi, ila kwa hili tungekuhitaji fundi wa joto.

Mnyalukolo wa Mshindo

Dada umeongea kama daktari. Ila Iringa nako ni baridi, na dosa hatuna. Nakiri.

Fundi Baridi wa Kibokoni

Narudi na taarifa, baada ya wiki tano.

Mzee, misumari imefika minne. Siku ya tatu mwenye duka akaniuliza mwenyewe najenga nini. Nikamwambia ukweli. Akacheka mpaka akaita mkewe. Mkewe hapiki kwa oda, ila dada yake hupika Alhamisi, thali ya watu wachache, unapeleka hotipoti yako asubuhi unaifuata saa saba. 9,000. Chapati kumi, dali, mboga mbili, achari. Nyama hakuna jikoni humo kabisa, kwa hiyo la halali likajimaliza lenyewe. Majina siandiki hapa kwa sababu hataki foleni mlangoni. Dali yake ina utamu kidogo wa sukari guru, kama ya yule mzee wa Langoni. Alhamisi ya kwanza nililia kidogo, nikasema ni pilipili.

Dada wa Uyole, ile ya fundi wa joto iliniuma. Hapa karakana kuna friji bovu la mlango mmoja, kompresa imekufa, mwenyewe alishalikataa, nikalipeleka nyumbani. Nikakumbuka: friji si mashine ya baridi, ni sanduku lisilopitisha joto. Likizuia joto lisiingie, litalizuia pia lisitoke. Nikatoa kompresa, nikafunga balbu ya wati 40, zile za zamani za kutoa joto, na thermostati niliyoitoa kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Nikaiweka nyuzi 30. Chini bakuli la maji. Uradi ulikuja na basi kutoka Dar kama ulivyosema, dereva akaniuliza kama ni mbegu.

Usiku wa kwanza nilijaza sufuria sana. Asubuhi nafungua mlango, unga umefurika mpaka kwenye balbu, nyumba yote inanuka kama togwa. Usiku wa pili nikajaza nusu. Muda wa saa tisa ulitosha, na nje palikuwa pana umande wa barafu kwenye majani.

Dosa ya kwanza ilishika kwenye kikaango, ya pili ikachanika. Ya tatu nikaisugua kikaango kwa nusu kitunguu chenye mafuta kama nilivyomwona yule mzee akifanya, ikanyanyuka yenyewe pembeni. Jirani yangu, mama wa Kinyakyusa, aliletwa na harufu. Aliila kwa maziwa mgando akasema ni chapati iliyokasirika. Kesho yake akaleta bakuli lake, anataka aumushie maandazi humo.

Dada, sanduku lina nafasi rafu tatu, na Alhamisi hotipoti yangu inatosha watu wawili. Na Tela Mbili, ukipita Makambako na friji bovu limetupwa njiani, nipakilie.

Tela Mbili

Lipo moja Igawa, milango miwili. Utanilipa kwa dosa au kwa msumari?