Kigoma: Siku ya kubadilishana nguo imekuwa ghala la bure la wachuuzi, sisi tunaoshona tumefanywa mazuzu

Wakuu, mwakeye. Uzi wa leo si wa cherehani, ingawa mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga. Jambo hili nimekaa nalo tangu Jumanne, nimeshindwa kulimeza, acha nilitapike hapa.

Kuna shughuli ya kubadilishana nguo ukumbini, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Mtaa siutaji, kamati siitaji, wanajijua. Unakuja na nguo usizovaa tena, mlangoni wanazihesabu, kila nguo unapewa kikaratasi kimoja, halafu unaingia ndani kuchagua. Nguo tano, vikaratasi vitano, unatoka na nguo tano. Pesa haiguswi. Walipoanza nilikuwa shabiki wao namba moja. Mwezi wa kwanza nilipata pazia la maua, pamba nzuri, limetoboka sehemu moja tu, nikashona magauni mawili ya watoto na foronya ya mto. Nikasema hawa watu wana akili.

Mwezi uliopita nikaamua na mimi nipeleke kitu cha maana. Nilikuwa na mashati mawili ya kiume ya mtumba, makubwa, ya mistari ya bluu, pamba tupu. (Nilishayapima. Unachomoa uzi mmoja ndani ya mshono, unauwasha kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, hiyo pamba. Ukijikunja ukaacha kitone kigumu kama plastiki, hiyo poliesta, na mteja wangu simshauri avae poliesta kwa jua hili la Kigoma.) Kola zote mbili zilikuwa zimelika pale shingoni. Moja nikaifumua nikaigeuza, upande wa chini ambao haujawahi kuona jua ukaja juu, ikawa kola mpya. Shati la kwanza likawa kiwiliwili cha gauni, la pili nikalikata likawa sketi ya marinda, mikono yake ikawa mifuko miwili mikubwa. Urefu ukapungua, nikaunga chini kitenge upana wa shubiri, mabaki ya mteja wangu wa Ujiji aliyeshonesha sare ya harusi. Vifungo vya mbele vilinipungukia viwili, nikashikiza vingine ili gauni lisikae wazi. Jioni tatu zilikwenda hapo, maana mchana nina kazi za watu. Cherehani yangu ya miguu haidai umeme, lakini macho yanadai.

Nimefika mlangoni na gauni langu nimelipiga pasi. Kikaratasi kimoja.

Mbele yangu kuna dada kaleta taiti imetoboka magotini, inanuka mgebuka kabisa, sijui ilikuwa inafungiwa samaki. Na yeye kikaratasi kimoja. Nikauliza, jamani hivi ni sawa? Naambiwa, "Mama, utaratibu ni kipande kwa kipande." Nikaingia ndani kuchagua na kikaratasi changu. Saa tatu asubuhi, hata chai haijashuka vizuri tumboni, mezani zimebaki tisheti za kampeni na suruali moja ya shule imepasuka makalio. Nguo nzuri zimeyeyuka. Nikachukua ile suruali, angalau kaki yake inafaa kwa viraka.

Jumanne naenda soko la Mwanga kununua zipu. Napita kwenye banda la mtumba, gauni langu linaning'inia! Kwenye henga, mbele kabisa, ndiyo chambo cha banda. Namuuliza kijana bei gani, ananiambia elfu kumi na nane, "hiyo gredi ya kwanza mama, imetoka kwenye belo la Uingereza."

Uingereza! Wakuu, kitenge cha pindo kimetoka Ujiji! Mwenye harusi namjua, bwana harusi namjua, pilau yao nimekula!

Nikamwambia, mwanangu, hilo gauni nimelishona mimi. Akacheka. Nikamgeuzia pindo nikamwonyesha mshono wangu, nikamwambia ukitaka nikuletee na chenga zake. Hapo ndipo akakiri kwamba bosi wake alilipata "kule ukumbini". Sikugombana naye, yeye ni wa kutumwa.

Nikaanza kupeleleza, maana fundi haachi uzi ukining'inia. Mchezo wenyewe uko hivi. Mchuuzi akifungua belo, nguo nzuri zinachaguliwa kwanza, zinatundikwa. Zinazofuata zinamwagwa chini, za kuinama. Mwisho yanabaki makapi: zilizochanika, zilizotoboka, zenye madoa ya mafuta, soksi mguu mmoja. Hayo hata ukitangaza mia tano hayatoki. Zamani yalikuwa hasara yake. Sasa hivi anayajaza kwenye kiroba, anawapa vijana wake watatu, saa moja asubuhi wako mlangoni. Makapi arobaini, vikaratasi arobaini. Wanaingia wa kwanza, wanazoa nguo arobaini nzima ambazo akina mama wamefua na kupiga pasi kwa moyo safi. Jumanne ziko sokoni. Yaani sisi tunambadilishia mtu takataka kuwa mtaji, bure, na bado tunapiga makofi wakati wa kufunga.

Na mlangoni hakuna anayekagua. Masharti yamebandikwa ukutani, nguo iwe safi, isiwe imechanika, lakini anayehesabu anahesabu kama anahesabu matofali.

Nimekwenda kwa kamati Jumatano. Nimeongea kwa adabu zote. Jibu: "Mama, nguo ikishapita mlangoni si yako tena. Halafu hii ni kazi ya kujitolea." Sawa. Sasa mbona anayejitolea ni mimi na yule mama aliyeleta mashuka yake mazuri, na anayefaidi ni mtu mwenye banda? Nikaambiwa nina jazba.

Ninayo.

Kingine kinachonikera ni hotuba. Kila mwezi mtu anasimama na kipaza sauti kutuambia kwamba kutengeneza nguo upya ni elimu mpya inayotoka nje. Mpya kwa nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, maduka yalikuwa matupu na nguo ilikuwa ya kupangia foleni. Mama yangu alikuwa anageuza kola za mashati ya baba kwa mkono, bila cherehani, nami nimeshika mkasi pembeni. Sweta likibana alilifumua lote, akaikunja sufu yake kama mpira, akafuma la mdogo wetu. Na kanga je? Inaanza doti ya kwenda shughulini, ikipauka inakuwa ya jikoni, ikilainika inakuwa mbeleko, kisha nepi, na ikishakataa kabisa ndiyo inadekia sakafu. Hakuna mwanamke wa Ujiji aliyefundishwa hilo kwa kipaza sauti. Tulichokuwa nacho sisi ni jicho. Nguo haikuitwa kipande tu, uliangalia imebeba nini.

Mtumba siuchukii, nisieleweke vibaya, ndio malighafi yangu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mtumba ukomeshwe ifikapo 2019, Marekani wakakuja juu na mambo ya AGOA, ule mpango wao wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Rwanda peke yao wakakaza, na 2018 wakaondolewa nafuu ya kuuza nguo zao kule bila ushuru. Sisi huku belo zimeendelea kushuka. Kwa hiyo makapi yapo na yataendelea kuwepo, na kila mwenye makapi anatafuta pa kuyatupa. Huyu wa kwetu kapata dampo linalomlipa.

Na yale yanayobaki mezani jioni mnajua yanaenda wapi? Yanachomwa nyuma ya ukumbi. Poliesta tupu ile, moshi mweusi, watoto wanacheza hapohapo.

Mimi nataka kitu kidogo tu. Mlangoni awepo mtu anayejua kushika nguo, awe hata mstaafu wa cherehani, akatae makapi palepale. Nguo iliyoshonwa upya isihesabiwe sawa na taiti ya samaki, ipewe vikaratasi vitatu, hata viwili sikatai. Na mtu asiingie na kiroba. Hivi nguo kumi kwa kaya moja hazitoshi?

NYONGEZA, saa 4 usiku: Nimeona maoni. Anayesema "si ungeliuza mwenyewe", ndugu yangu, kuuza nauza kila siku, hilo niliamua kutoa. Niliwaza litamkuta binti mmoja asiye na elfu kumi na nane. Anayesema ni wivu wa biashara, njoo nikukalishe kwenye hii cherehani jioni tatu halafu tuongee. Yule wa Kasulu anayeuliza jinsi ya kugeuza kola: fumua pale kola inapoingia kwenye shingo tu, usiifumue yote, weka alama ya chaki katikati kabla hujaitoa, la sivyo itakaa upande.

Leo mchana nimepita tena pale bandani. Gauni halipo, limenunuliwa. Sina ugomvi na aliyelinunua, naamini kalilipia pesa yake ya halali. Ila dada, kama unasoma hapa: vile vifungo viwili vya chini, vyeupe, nilivishikiza tu kwa uzi mmoja, vitakuangushia njiani. Vya bluu vinavyofanana na vya juu nimevipata. Viko hapa kwangu kwenye kopo, njoo na gauni lako nikushonee.