Darasa la kusoma Kiingereza kabla ya chuo: wanatafsiri neno kwa neno, nifanyeje?

Mwalimu wa Jioni

Habari za jioni wadau. Nina vijana 26 waliomaliza kidato cha sita, wanasubiri vyuo vifunguliwe. Tuna wiki 8, siku 3 kwa wiki, kila kipindi dakika 90. Kiingereza chao ni cha kati: kuongea wanajitahidi, barua wanaandika. Kwenye kusoma ndiko tunakwama. Nikiwapa kurasa mbili za kitabu cha mwaka wa kwanza, kila neno wanalitafuta kwenye kamusi ya simu na kuandika maana ya Kiswahili juu ya mstari. Dakika 40 zinapita na ukurasa wa kwanza haujaisha. Nikiuliza mwandishi anasema nini, napewa maana za maneno. Hoja hakuna anayeitaja.

Naomba ushauri wa kina: maandishi gani na ya urefu gani, msamiati upi nianze nao, na kasi ya kusoma inapimwaje?

Mtunza Maktaba

Mwalimu, anza kwa kuwabadilishia maandishi. Kutafsiri neno kwa neno ndiyo njia pekee anayobakiwa nayo mtu aliyepewa ukurasa uliomzidi uwezo. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe bila msaada. Akijua 95 anaweza kusonga mbele ikiwa mwalimu yuko karibu. Akijua pungufu ya 95, kamusi inageuka kuwa kazi yenyewe, kusoma kunasahaulika.

Pima hivi kabla hujatoa fotokopi. Fungua katikati ya sura, maana mwanzo wa sura mara nyingi ni mwepesi na utakudanganya. Hesabu maneno 100 mfululizo. Wape dakika 3, bila kamusi, wapigie mstari kila neno wasilolijua. Kisha angalia karatasi za wanafunzi wa katikati, achana na za wale wawili watatu wanaoongoza. Mistari 0 hadi 2, hicho ni kitabu cha kujisomea nyumbani. Mistari 3 hadi 5, ni cha kufundishia darasani. Ikizidi 5, kirudishe kabatini hadi wiki ya 7.

Kwa hiyo unahitaji maandishi ya aina mbili. Ya nyumbani yawe vitabu vilivyorahisishwa kwa ngazi, dakika 20 kila siku, bila maswali ya ufahamu mwishoni. Ukiweka maswali watarudi kwenye kuwinda majibu. Ya darasani yawe maneno 400 hadi 600, na mada moja ikae wiki nzima. Ukichagua malaria, basi makala zote tatu za wiki hiyo ziwe za malaria: mbu, dawa, vyandarua. Maneno yaleyale yatarudi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kurudiarudia huko ndiko kunakoyafanya yakae kichwani.

Msamiati: hakikisha kwanza wanayajua yale maneno 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Kisha chukua orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead, iliyotoka mwaka 2000. Ina familia 570 (familia ni neno pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja), na hizo peke yake hubeba karibu asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya chuo. Imegawanywa mafungu 10, yaliyopangwa kuanzia yanayotumika zaidi. Mafungu 9 ya kwanza yana familia 60 kila moja, la mwisho 30. Kwa wiki zako 8 chukua mafungu mawili tu: familia 120, yaani 15 kwa wiki, 5 kwa kipindi. Usifuate alfabeti. "Assess" na "assume" zikifundishwa siku moja, wiki ijayo mwanafunzi atakuwa anazichanganya, kwa sababu zinafanana kwa sura na zimeingia kwa mlango mmoja. Na kila neno lije na ndugu zake: "analyse", "analysis", "analytical".

Bi Sarufi

Naunga mkono hayo, ila kuna mahali maneno yote yanajulikana na bado maana inapotea. Hapo kamusi haisaidii, kwa sababu tatizo liko pale ambapo Kiswahili na Kiingereza vinaachana njia.

Kubwa kuliko yote ni nomino zilizopangwa foleni. Mpe kijana "soil water storage capacity". Anajua soil, anajua water, storage na capacity pia. Atakwambia: udongo, maji, hifadhi, uwezo. Kisha ananyamaza. Sisi tunatanguliza kichwa, yaani nomino kuu: uwezo wa udongo kuhifadhi maji. Kiingereza kinakiweka kichwa mwisho. Mfundishe kuchora kisanduku kwenye nomino ya mwisho, halafu atembee kinyumenyume. "Maize seed company": kisanduku kwenye company, kampuni, ya nini, seed, mbegu, za nini, maize, mahindi. Kampuni ya mbegu za mahindi. Toa mafungu kumi ya namna hii mwanzoni mwa kila kipindi kwa wiki mbili, dakika 8 zinatosha.

La pili: "The fertiliser used on the farm contained nitrogen." Anasoma "mbolea ilitumika shambani", anafika kwenye contained na sentensi inamvunjikia mkononi. Kiswahili kingemtahadharisha mapema kwa -yo-: mbolea iliyotumika. Kiingereza hakijaweka alama yoyote. Kanuni ya kumpa: ukikuta vitenzi viwili na hakuna kiunganishi kati yake, jaribu kuingiza "which was" kabla ya cha kwanza. Ikikubali, kitenzi kikuu ni cha pili. Wapigie mstari kitenzi kikuu cha kila sentensi ndefu kabla ya kujadili chochote.

La tatu ni "it", "they" na "this". Ngeli zetu zinamshika msomaji mkono. Ukisema "mti unakipa kisima kivuli mpaka kikauke", anajua kinachokauka ni kisima. Ukisema "ukauke", ni mti. Kwa Kiingereza, "The tree shades the well until it dries up", hiyo it haina ngeli na inabidi muktadha uamue. Mshale wa penseli kutoka kwenye kila it kurudi kwenye nomino yake, bila kuruka hata moja. Na "this" inayoanza sentensi mara nyingi inabeba sentensi nzima iliyotangulia, kwa hiyo mshale uelekezwe huko.

Usisahau vijineno. "A few farmers irrigate" maana yake wapo wachache wanaomwagilia. "Few farmers irrigate" inasisitiza uhaba, kwamba karibu hawapo. "Hardly" maana yake ni karibu hapana kabisa, si kwa bidii. "May cause" ni huenda ikasababisha, si inasababisha. Kwenye masomo ya sayansi, kosa hili la mwisho linageuza dhana ya mtafiti kuwa ukweli uliothibitishwa.

Mwalimu wa Jioni

Asanteni sana, hili la kisanduku naanza nalo kesho. Bado naomba mwongozo wa kasi. Na je, kusoma kwa sauti kwa zamu niendelee nako?

Chaki na Saa

Kusoma kwa zamu acha, Mwalimu. Mmoja anasoma, 25 wanahesabu aya ya kujua zamu yao ikifika watasoma ipi. Na anayesoma anashughulika na matamshi, maana hana nafasi nayo. Ukitaka sauti isikike, soma wewe aya ya kwanza ili wasikie sentensi inapumulia wapi, kisha wasome kimya.

Kasi iwe mara mbili kwa wiki, dakika 10 tu. Chukua kifungu cha maneno 400 kisicho na neno geni hata moja. Ukiweka kigumu, unachopima ni msamiati. Wote waanze pamoja, wewe andika muda ubaoni kila baada ya sekunde 10. Anayemaliza anatazama ubao, anaandika muda wake, anageuza karatasi na kujibu maswali 8 bila kurudi nyuma. Hesabu: maneno gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 60. Maneno 400 kwa dakika 3 na sekunde 20, yaani sekunde 200, ni maneno 120 kwa dakika. Kila mmoja awe na jedwali nyuma ya daftari, safu moja ya kasi, nyingine ya majibu.

Safu hizo mbili zisomwe kwa pamoja. Akipata 8 kati ya 8 mara tatu mfululizo, anakwenda polepole mno, mwambie akaze mwendo. Akishuka chini ya 5, anaruka. 6 au 7 ndipo pazuri. Kwa wiki 8 lenga maneno 150 kwa dakika kwenye maandishi mepesi. Tazama pia midomo na vidole: anayetamka kila neno kwa midomo au kulisukuma kwa kidole anajichelewesha.

Simu usizifungie. Weka kikomo: maneno matatu kwa ukurasa, na yatafutwe baada ya kusoma ukurasa mzima. Neno linastahili kamusi likitokea zaidi ya mara moja, au likiwa kwenye kichwa cha habari, au sentensi ikifa bila hilo. Ila mimi ningepiga marufuku Kiswahili darasani, huko chuoni hawatakikuta kwenye mihadhara.

Bi Sarufi

Hapo kwenye marufuku sikubaliani nawe, mkuu. Kijana anaweza kunakili sentensi ya Kiingereza kutoka kwenye aya, akaisoma kwa ufasaha, na wewe ukadhani ameelewa. Mwambie afunge karatasi amweleze mwenzake aya hiyo kwa Kiswahili chake, sentensi mbili, na papo hapo utajua kama hoja imeingia. Kinachokatazwa ni Kiswahili cha juu ya mstari, neno kwa neno. Baada ya kusimulia, ndipo aandike pembeni mwa aya maneno matano hadi manane ya Kiingereza: aya hii inafanya kazi gani? Inatoa sababu, inapinga, inatoa mfano? "Cause of soil loss, example Shinyanga" inatosha kabisa.

Mtunza Maktaba

Nakubaliana na Bi Sarufi. Maandishi hayo ya pembeni ndiyo yatawavusha wiki ya 7 na ya 8 utakaporudi kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza wasome vichwa vidogo, aya ya mwanzo, aya ya mwisho na maelezo ya michoro pekee, dakika 10, waandike maswali matatu wanayotarajia sura iyajibu. Siku ya pili wasome kurasa nne wakitafuta majibu hayo, aya ambayo haijibu chochote wanaipita. Wengi watasita kuiacha, wamezoea kwamba kila mstari utatoka kwenye mtihani. Simama nao hapo, waonyeshe majibu yao matatu yalivyokamilika bila ile aya.