Jaribio la anatomia la mtandaoni linalomficha mwanafunzi kosa lake halimfundishi kitu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimevumilia muhula mzima, na leo ninaliandika jambo hili hadharani kwa sababu barua mbili nilizopeleka idarani hazijajibiwa. Ninasoma mwaka wa kwanza wa udaktari, na malalamiko yangu yanahusu majaribio ya mtandaoni tunayofanya kila baada ya wiki 2 katika somo la anatomia. Sipingi kuwapo kwake. Kinachonikasirisha ni kwamba chombo ambacho kingeweza kutufundisha kuliko hata mihadhara yenyewe kimegeuzwa kuwa cha kukusanyia alama tu: maswali 20, dakika 15, nafasi moja, hakuna kurudi kwenye swali ulilolipita, na ukishabonyeza kitufe cha kuwasilisha unaoneshwa namba tupu, tuseme 11 kati ya 20, kisha ukurasa unafungwa moja kwa moja. Yale maswali 9 uliyokosa ni yapi, huambiwi. Ulikosea wapi katika kufikiri, ndiyo kabisa hutajua.

Nitoe mfano wa swali moja. Katika jaribio la mkono iliwekwa picha ya sehemu ya mbele ya kiwiko, pale panapobonyea na ambapo kwa kawaida damu hutolewa, na mshale mwekundu ukaelekezwa ndani yake. Hapo kuna vitu vitatu vilivyopangwa kutoka upande wa nje wa mkono kwenda upande wa ndani: kano ya msuli wa baisepsi, kisha ateri ya brakia, kisha neva ya mediani. Ncha ya mshale iliishia katikati ya ateri na neva. Niliikuza picha kwenye simu mpaka ikawa vipande vya rangi visivyo na umbo, na bado ncha ile haikuegemea upande wowote. Nikachagua neva, kwa sababu sekunde zilikuwa zinakwisha. Hadi leo sijui kama nilipata au nilikosa. Nilipomfuata mhadhiri, alinijibu kwa upole kwamba hawezi kulijadili swali lenyewe, kwa kuwa litatumika tena mwakani. Fikirieni jambo hilo. Ateri ile ndiyo tutakayoisikiliza kila tunapompima mtu shinikizo la damu, na neva iliyo kando yake ni kitu ambacho sindano iliyopotea njia inaweza kukijeruhi, lakini mwanafunzi aliyekuja kwa miguu yake kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili anarudishwa bila jibu ili swali lisivuje.

Maswali ya kujaza nafasi nayo yana kasoro yake. Msimamizi wa mfumo alitukiria wenyewe kwamba kompyuta inakubali neno moja tu, lile alilolichapa mtunga swali. Sasa misuli ya upande wa nje wa mguu, chini ya goti, ina majina mawili yanayotumika: orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia ya mwaka 1998 inatanguliza fibularis, ilhali vitabu vingi na madaktari wengi bado wanasema peroneus. Slaidi zetu zina jina moja na kitabu tulichoagizwa kukisoma kina jingine. Aliyesoma kitabu kwa bidii anaadhibiwa, na haambiwi kwamba ameadhibiwa.

Kuna watakaosema kwamba kujipima peke yake kunatosha kumfundisha mtu. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha utafiti ambamo baadhi ya wanafunzi walisoma andiko mara mbili, na wengine walilisoma mara moja kisha wakaandika kila walichokikumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Lakini wale walikuwa wakichota kutoka vichwani mwao kwa kuandika, hawakuwa wakichagua herufi kati ya majibu matano ambayo manne ni ya uongo uliotungwa ufanane na ukweli. Kuhusu maswali ya kuchagua, Roediger huyohuyo na Elizabeth Marsh walionesha mwaka 2005 kwamba mwanafunzi anaweza kuondoka na jibu la uongo alilolichagua, akaendelea kuliamini. Na mwaka 2008 Andrew Butler akishirikiana na Roediger alionesha kwamba kumpa mwanafunzi mrejesho kunapunguza madhara hayo na kuongeza faida ya jaribio. Kwa hiyo mtu anayetupa maswali ya kuchagua na kutunyima mrejesho ametuachia sumu na kutunyima dawa yake, tena katika somo ambalo neva moja ikichanganywa na nyingine atakayelipa ni mgonjwa.

Isisemwe kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo, kwa maana mfumo huuhuu umetufaa katika histolojia, somo la tishu za mwili zinazotazamwa kwa darubini. Mkufunzi msaidizi wa somo hilo alituwekea maswali 10 kila wiki, hayana alama, yanafunguka saa yoyote na kurudiwa utakavyo, na chini ya kila jibu kuna maelezo mafupi. Mimi nilikuwa nachanganya mirija miwili ya figo, ule wa karibu na ule wa mbali. Nilikosea mara ya kwanza, maelezo yakaniambia nitazame uwazi wa katikati: mrija wa karibu una vinyweleo vidogo kama brashi vinavyoufanya uwazi uonekane na ukungu, na wa mbali uwazi wake ni safi. Nilikosea tena wiki iliyofuata. Mara ya tatu jicho langu lilikwenda penyewe kwenye uwazi kabla sijamaliza kusoma swali. Sikumwogopa mtu na sikupoteza alama hata moja, na mirija ile sijaichanganya tena.

Turudi kwenye sababu tunayopewa, ya kulinda benki ya maswali. Benki hiyo imekwisha kuvuja. Baada ya kila jaribio picha za skrini huzunguka katika makundi ya simu, na waliotutangulia walituachia mafaili ya maswali yenye majibu waliyobuni wenyewe, mengine ya uongo mtupu. Wanafunzi wenzangu wanakariri kwamba swali la mshale ni C. Siwatetei, lakini njaa ya kujua kosa lako haizimwi kwa kufuli. Ukinyimwa jibu la mwalimu utalitafuta la kichochoroni. Kinachofichwa hapa ni maelezo peke yake, kwa maana maswali kila mtu anayo.

Matokeo yake tuliyaona kwenye mtihani wa vitendo. Unasimama mbele ya meza ya maiti, kibendera kimechomekwa kwenye sehemu unayoulizwa, una dakika 1, na hakuna herufi za kuchagua. Kituo cha nne kilikuwa na neva inayozunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, na swali liliuliza mgonjwa aliyevunjika mfupa huo katikati atashindwa kufanya nini. Ni neva ya radiali, na kiganja kitalegea, asiweze kukiinua. Aliyekuwa kituo cha nyuma yangu alikuwa amepata alama za juu mtandaoni muhula wote, na alilia pale pale.

Ninachokidai hakihitaji fedha wala mtambo mpya. Siku ambayo dirisha la jaribio limefungwa kwa wote, maswali yafunguliwe tena yakiwa na maelezo, hata ya sentensi moja. Majina yote yanayokubalika yaingizwe kwenye mfumo. Mtu mmoja asiyekuwa mtunga swali atazame kila mshale kwenye skrini ya simu kabla picha haijapandishwa. Na maswali ya mkono yarudi yakiwa yamechanganywa ndani ya jaribio la mguu, kisha ndani ya la kifua, ili tusisahau tulichokiacha nyuma. Kama ni lazima alama ziwepo, ziwe chache, na nafasi ya kurudia iwepo.

Jaribio la kichwa na shingo linafunguliwa Jumatatu, likiwa na jozi zote 12 za neva za kichwa ndani yake, na kwa tangazo lililotoka jana utaratibu ni uleule. Nimeandika barua ya tatu asubuhi hii. Waliokwisha kupita katika somo hili, na hasa wahadhiri mliomo humu, naomba mniambie: kwenu maelezo ya majibu hutolewa lini, na ni nani idarani mwenye mamlaka ya kuamuru yafunguliwe?