Mrejesho: filamu za inchi 4 kwa 5 zilizotoka na mabaka, Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini filamu ninazosafisha nyumbani, hapa Langoni, zinatoka na mabaka kwenye sehemu ya anga ya picha, na utando wa dawa, ule unaoshika picha, unachubuka. Mlinijibu nichunguze joto la maji kwanza. Mlisema kweli.

Kipimajoto kilinionyesha nyuzi 29. Mimi nilikuwa nafuata dakika 11 za filamu ya FP4 ndani ya D-76, dawa ya kusafishia, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na muda huo ni wa nyuzi 20! Basi nikanunua barafu kwa wauza samaki, nikaijaza kwenye karai, nikaketisha trei za dawa, fiksa (ya kuimarisha picha isififie) na maji ya kusuuzia humo zote, maana joto likirukaruka kati yao utando hujikunja. Kufika 20 sikuweza. Nilitulia kwenye 24, nikasafisha kwa dakika 8.

Gizani bafuni, usiku, nilipapasa vikato vidogo vya ukingoni mwa filamu vikawa juu kulia, nikajua upande wenye utando wa dawa unanitazama. Nilisafisha moja moja, bila kuzirundika. Kucha nimekata, zisikwaruze utando.

Alfajiri nikainua dirishani filamu ya mlango wa mtaa wa Mkomani: kila ua la nakshi linahesabika, na mbingu juu ya ukuta ni laini, haina baka. Nililia kidogo, wallahi.

Kimebaki kitu kimoja: maji ya kisima yanaacha chumvi ikikauka. Suuzo la mwisho sasa natumia maji ya betri, yale yaliyokenekwa. Ahsanteni sana.